Kuchagua na Kutumia Grainda kwa Usalama Katika Karakana

Katika karakana za mageti na madirisha ya chuma, grainda hushikwa mara nyingi zaidi kwa siku kuliko hata mashine ya kuchomelea. Ndiyo inayokata bomba, inayosawazisha mshono, inayoondoa kutu na kunoa patasi jioni kazi ikishapungua. Kwa kuwa imezoeleka kiasi hicho, huazimwa kwa jirani bila maelezo yoyote, na kijana aliyeanza kazi asubuhi hiyo hukabidhiwa kana kwamba amepewa nyundo. Ukingo wa diski inayozunguka kwa kasi ya juu inayoruhusiwa husafiri mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa, na mkono wa mtumiaji uko umbali wa shibiri moja hivi kutoka hapo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi mwenye karakana ndogo au ya kati, na msimamo wake ni kwamba anayetaka kununua grainda aanze kufikiria diski kabla ya mashine, kwa sababu diski ndiyo inayofanya kazi, ndiyo inayochakaa na ndiyo inayopasuka.

Hatua ya kwanza: linganisha kipenyo na kazi

Diski zinazouzwa madukani huwa za milimita 100, 115, 125, 180 na 230, ambazo mafundi wengi huzitaja kwa inchi: nne, nne na nusu, tano, saba na tisa. Kwa karakana inayotengeneza mageti, grili, vitanda na meza kwa bomba za mraba, fleti na nondo nyembamba, grainda ya milimita 115 au 125 inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Diski ya milimita 115 huingia ndani ya chuma takriban milimita 30 tu kabla kichwa cha mashine hakijagusa, lakini hilo si tatizo kwa bomba, kwa kuwa bomba hukatwa upande mmoja baada ya mwingine kwa kuligeuza. Grainda ya milimita 230 ni ya chaneli nene, nguzo za chuma na zege. Ni nzito, ikinasa huwa na nguvu ya kumwangusha mtu mzima, na haipaswi kuwa mashine ya kujifunzia.

Grainda ya milimita 100 ni nyepesi na bei yake huvutia, ila kabla ya kuinunua ijulikane kwamba tundu la diski zake kwa kawaida ni la milimita 16, wakati diski za 115 hadi 230 zina tundu la milimita 22.23. Mwenye mashine za aina zote mbili karakanani atakuwa na diski zisizoingiliana, na mapema au baadaye mtu atajaribu kulipanua tundu kwa tupa au kujazia pengo kwa kipande cha bati. Diski iliyofungwa hivyo haikai katikati, hutetemeka, na mtetemo huo ndio mwanzo wa ufa.

Ushauri wangu kwa mwenye fedha za kutosha grainda moja kubwa ya gharama ni kwamba anunue mbili ndogo. Moja ikae na diski ya kukatia muda wote, nyingine ikae na diski ya kusagia. Mafundi wengi husaga kwa ubavu wa diski ya kukatia huku wakijua vizuri kwamba ni hatari. Hufanya hivyo kwa sababu kubadilisha diski kila baada ya dakika tano kunachosha na spana haionekani. Mashine ya pili huondoa kishawishi hicho kuliko bango lolote ukutani.

Kuhusu nguvu, grainda ndogo huwa na wati 700 hadi 1,000 hivi, na zile za milimita 230 huzidi wati 2,000. Mashine ya wati 2,200 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 10, na inapoanza huvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Kwa hiyo anayefanya kazi kwa jenereta ndogo kwenye eneo la ujenzi asishangae ikigoma kuwaka au ikizunguka kwa unyonge. Waya wa kuongezea uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5 kwa mashine kubwa, na ukiwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote kabla ya kazi, kwa sababu waya uliozungushwa hupata joto hadi ganda lake huyeyuka.

Hatua ya pili: chunguza swichi kabla ya kulipa

Ziko swichi za aina kuu mbili. Ya kwanza husukumwa mbele kwa kidole gumba na kujifunga hapo, hivyo mashine huendelea kuzunguka hata mkono ukiiachia. Ya pili ni ya kubana: mashine huzunguka pale tu mkono unapoibana, na ukiteleza au ukaanguka, umeme hukatika. Ya kwanza hupumzisha vidole katika kusaga kwa muda mrefu. Ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa kukata, na ndiyo ya kumpa mwanafunzi.

Swichi ya kujifunga ina tatizo jingine ambalo katika mazingira yetu si la kufikirika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fundi huiweka mashine chini, huenda kunywa chai, na husahau kwamba swichi bado iko mbele. Umeme unaporudi, grainda huanza kuzunguka yenyewe juu ya meza au sakafuni, hujitupa huku na huku ikivuta waya wake, na anayekimbilia kuikamata hukutana na diski. Mashine nyingi za kisasa zina kinga inayozuia kuanza kwa namna hiyo mpaka swichi irudishwe nyuma kwanza. Jaribio lake dukani ni rahisi: washa mashine, zima umeme kwenye soketi swichi ikiwa bado mbele, kisha washa soketi tena huku umeishika kwa mikono miwili. Ikizunguka, haina kinga hiyo. Kama ndiyo uliyonayo tayari, iwe sheria ya karakana kwamba umeme ukikatika kila mtu hurudisha swichi na kuchomoa plagi kabla ya kuondoka mahali pake.

Hakikisha pia kwamba mpini wa pembeni upo na unafungika pande zote mbili, kwamba kava la diski ni imara na linazungushwa kwa urahisi, na kwamba kitufe cha kuzuia shafti hakijalegea. Kava linalohitaji bisibisi na dakika kumi kulizungusha ndilo litakaloondolewa wiki ya kwanza na kuishia chini ya benchi.

Hatua ya tatu: isome diski

Chukua diski ya kukatia mkononi, igeuze, na usome kila kilichoandikwa. Katikati, kuzunguka tundu, kuna pete nyembamba ya chuma, na kwenye pete hiyo pamegongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika. Diski hizi hutengenezwa kwa chembe ngumu zilizoshikanishwa kwa gundi ya rezini na kuimarishwa kwa wavu wa nyuzi, na gundi hiyo hudhoofika kwa muda na kwa unyevu. Ndiyo maana hupewa miaka mitatu tangu kutengenezwa. Kwa wakazi wa pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, diski zinazoning'inizwa kwenye msumari mlangoni huharibika hata kabla ya tarehe hiyo. Zihifadhiwe mahali pakavu, zikiwa zimelala juu ya kitu bapa, kwa sababu diski nyembamba inayosimamishwa hujipinda.

Maandishi muhimu kuliko yote ni idadi ya mizunguko kwa dakika. Kwa diski zilizotengenezwa kwa kasi ya mita 80 kwa sekunde, ambazo kwa kawaida huwekewa mstari mwekundu, ile ya milimita 115 huandikwa karibu 13,300, ya 125 karibu 12,200, ya 180 karibu 8,500 na ya 230 karibu 6,650. Idadi iliyoandikwa kwenye diski lazima iwe sawa au zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye kibao cha mashine. Diski isiyo na idadi ya mizunguko, au ambayo maandishi yake yamefutika, isinunuliwe hata kama ni ya bei ya kutupa.

Hapa ndipo inapobidi kuzungumzia desturi ya kuondoa kava ili kufunga diski ya inchi tisa kwenye grainda ndogo. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 ikizungushwa kwa kasi hiyo, ukingo wake husafiri mita 132 kwa sekunde badala ya 80, na kwa kuwa nguvu inayoivuta diski igawanyike hukua kwa mraba wa kasi, diski hubeba karibu mara 2.7 ya mzigo uliokusudiwa. Ikipasuka, hakuna kava la kuzuia vipande, na vipande hivyo huruka katika mstari uleule ambao uso na shingo ya fundi vimo. Hata diski kubwa iliyochakaa ikabaki ndogo isihamishiwe kwenye mashine ndogo, maana bado imeandikwa kasi yake ya awali na imekwishapitia migongano isiyoonekana kwa macho. Msumeno wa mbao wenye meno nao usifungwe kwenye grainda kabisa; hunasa kwenye mbao ghafla, na hakuna mkono unaoweza kuizuia mashine wakati huo.

Herufi nyingine huelezea matumizi. Herufi A mwanzoni huonyesha chembe za kukata chuma, na C huonyesha chembe za mawe na zege. Nambari inayofuata ni ukubwa wa chembe: 24 ni kubwa na hula chuma kwa haraka, 60 ni ndogo na huacha sehemu laini zaidi. Kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho wengi hukiita stenlesi, tafuta diski iliyoandikwa INOX, na usiitumie tena kwenye chuma cha kawaida, kwa sababu chembe za chuma cha kawaida zikibaki juu ya stenlesi hushika kutu, na mteja ataona madoa ya kahawia kwenye reli ya ngazi yake baada ya mvua chache.

Unene nao una maana yake. Diski ya milimita 1 hadi 1.6 hukata bomba nyembamba upesi na kwa joto kidogo. Ya milimita 3 hustahimili zaidi kwenye chuma kinene. Ya milimita 6, iliyobonyea katikati, ndiyo ya kusagia.

Hatua ya nne: funga diski kwa utaratibu

Chomoa plagi, au toa betri kama mashine ni ya betri. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Futa vumbi kwenye flanji ya ndani, yaani kisahani cha chuma ambacho diski hukalia, kwa sababu hata chembe ndogo ya chuma iliyobaki hapo huifanya diski ikae upande. Weka diski, kisha nati ya kukazia. Nati hii ina upande wenye kinundu na upande bapa: kwa diski nene ya kusagia kinundu huingia ndani ya tundu, na kwa diski nyembamba ya kukatia nati hugeuzwa ili upande bapa uibane diski. Ikifungwa kinyume, diski nyembamba huonekana imekaza lakini huchezacheza. Kaza kwa spana yake, bila kuongeza bomba refu kwenye mpini wa spana na bila kugonga kwa nyundo.

Zungusha diski kwa mkono kuona kama inagusa kava. Kava liwe kati ya diski na mwili wako. Kisha elekeza mashine mahali pasipo na watu, iwashe, na uiache izunguke bila mzigo kwa dakika moja. Diski yenye ufa mara nyingi hupasuka ndani ya dakika hiyo. Ikitetemeka kuliko kawaida, zima na uchunguze. Diski iliyowahi kuanguka sakafuni itupwe, na ivunjwe kwanza ili mwingine asiiokote.

Hatua ya tano: jiandae wewe na eneo lako

Miwani ya kinga iliyofunika pembeni ni lazima, na kwa kukata iongezewe ngao ya uso, kwa kuwa miwani haizuii kipande cha diski kinachoelekea kwenye taya. Miwani ya jua si kinga. Chembe ya chuma ikiingia jichoni, isitolewe kwa kijiti cha kiberiti wala ncha ya kitambaa, kama inavyofanyika kila siku. Ikikaa kwa saa kadhaa huacha pete ya kutu kwenye mboni, na mahali pake ni kwa daktari wa macho. Masikio nayo yazibwe, maana kelele ya grainda huzidi desibeli 85, kiwango ambacho kikidumu siku nzima huharibu usikivu pole pole bila maumivu yoyote ya kumshtua mtu.

Nguo ziwe za pamba nzito, mikono ya shati imefungwa vifundoni, bila skafu, bila kamba ya kitambulisho shingoni. Glavu ziwe za ngozi na zikae sawasawa mkononi. Glavu za uzi zilizolegea hunaswa na kuuvuta mkono ndani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, humtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga, kwa hiyo kumwambia kibarua ajinunulie miwani si utaratibu unaokubalika.

Cheche huruka mita kadhaa na huingia mahali pasipotarajiwa. Ondoa tina, petroli, rangi, sponji na maranda ya mbao. Kama kazi inafanyika nyumbani kwa mteja, funika vioo na vigae kwa turubai au mbao: cheche za chuma hugonga kioo zikiwa za moto, hujichimbia humo na kuacha vidoa vyeusi visivyosugulika, na gharama ya kioo huzidi malipo ya kazi yenyewe. Kioo cha gari lililoegeshwa karibu hupata madhara hayohayo.

Hatua ya sita: kata bila kunasa

Ajali nyingi mbaya za kukata zina chanzo kimoja. Njia iliyokatwa hujifunga, hubana diski, na mashine yote huruka kuelekea upande usiotarajiwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya fundi hufanyika kabla ya kuwasha, katika namna ya kukiegemeza chuma.

Bomba likilazwa juu ya matofali mawili na kukatwa katikati, uzito wake hulifanya lilegee chini na kuubana mkato. Badala yake, funga sehemu ndefu kwenye jiliwa au kwa klampu, na acha kipande kinachokatwa kining'inie nje, karibu na mahali pa kushikilia, ili kikielemea chini mkato ufunguke. Kukanyaga bomba kwa mguu hakuhesabiki kuwa ni kulifunga.

Shika mashine kwa mikono miwili, mmoja nyuma na mwingine kwenye mpini wa pembeni, na usimame kando ya mstari wa diski. Acha ifikie kasi yake yote kabla ya kugusa chuma. Pitisha kwanza mkwaruzo mwepesi juu ya alama, kisha rudia mkwaruzo huohuo mpaka diski itokeze upande wa pili, ikiwa wima kabisa, bila kuipindisha wala kuikandamiza. Mlio utakuambia: ukishuka na kuwa mzito, umekandamiza mno. Mashine ikijivuta yenyewe kuingia kwenye chuma, unaipeleka upande usiofaa. Geuza mwelekeo, ili mzunguko wa diski uwe unakurudishia mashine kidogo nawe unaisukuma taratibu.

Diski ikinasa, zima na usubiri isimame kabisa ndipo uitoe. Usiwashe mashine diski ikiwa ndani ya mkato. Na baada ya kuzima, kumbuka kwamba diski huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa, hivyo isiwekwe chini kabla haijatulia.

Kuna kazi moja ambayo fundi anapaswa kuikataa, hata mteja akiwa rafiki: kukata pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli, tina au mafuta mengine, pamoja na tangi la pikipiki. Pipa tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mvuke umechanganyika na hewa, na kuosha kwa sabuni hakuondoi mabaki yaliyojificha kwenye mikunjo. Cheche moja hulilipua.

Hatua ya saba: kusaga na kusawazisha

Kwa diski ya kusagia, laza mashine kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 30 na uipeleke mbele na nyuma bila kutulia mahali pamoja, la sivyo chuma hupata bonde na rangi ya bluu ya kuungua. Diski ya kukatia isitumiwe hapa kamwe: nyuzi zake zimepangwa kuhimili mzigo wa ukingoni, na mzigo wa ubavuni huivunja. Kwa kumalizia mshono kabla ya rangi, diski ya vipande vya msasa hutoa matokeo bora na haichimbi sana. Brashi ya waya inafaa kwa kutu, lakini hurusha nyaya ndogo zinazopenya shati na kuchoma ngozi, kwa hiyo ngao ya uso ni lazima hapo kuliko mahali pengine.

Alumini hujaza diski ya kawaida na kuifanya iwe moto bila kukata, basi itafutiwe diski yake. Anayekata zege, vigae au mawe avae barakoa ya vumbi laini ya kiwango cha FFP2 au N95 na amwagie maji penye kukatwa kama mashine yake imeundwa kwa hilo. Vumbi la silika huleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba na huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu.

Hatua ya nane: baada ya kazi

Chomoa plagi, kagua waya mahali unapoingia kwenye mashine, na pulizia matundu ya hewa, kwa sababu vumbi la chuma likijaa ndani hupitisha umeme. Baki eneo la kazi kwa nusu saa hivi au mwachie mtu wa kuangalia, maana cheche iliyoangukia maranda huweza kufukuta kimya kabla ya kuwaka.

Ukiona cheche nyingi za bluu kupitia matundu ya nyuma, au mashine ikikatika na kurudi, fungua vifuniko viwili vya pembeni na utazame brashi za kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikibaki fupi, karibu milimita 5, badilisha zote mbili kwa pamoja, za ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, na usikubali zilizochongwa kutoka mashine nyingine. Baada ya kuzifunga, acha grainda izunguke bila mzigo kwa dakika chache ili zikae sawa kabla ya kuipa kazi.